Wathibiti ubora wakija shuleni kwako: ya kufanya kabla, siku yenyewe na baada

Barua ikifika kwamba wathibiti ubora wa shule, wale tuliokuwa tukiwaita wakaguzi, wanakuja kufanya tathmini ya jumla, ofisi ya walimu hubadilika saa ile ile. Maazimio ya kazi yanatafutwa makabatini, maandalio ya somo ya wiki nzima yanaandikwa usiku mmoja, manila zinabandikwa ukutani, na watoto wanaambiwa kesho kila mmoja aje na sare iliyofuliwa. Nimefundisha shule za msingi za serikali huku Bagamoyo kwa muda mrefu, nikawa mwalimu wa taaluma, na sasa ni mwalimu mkuu wa shule ya pwani ambayo wazazi wake wengi wanakula kwa bahari. Namwandikia mwalimu na mwalimu mkuu mwenzangu anayetaka ugeni ule uwaachie watoto kitu. Msimamo wangu ni mmoja: shule hutengenezwa na yale walimu wanayoyafanya na madaftari ya watoto kabla wageni hawajafika na baada ya wao kuondoka. Mkilishika hilo, siku za tathmini hazitawatisha, na ripoti itakayokuja mtaweza kuifanyia kazi.

Jueni wanakuja kutazama nini

Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 ilimpa mkaguzi mamlaka ya kuingia shuleni, na wengi wetu wa rika langu tunaukumbuka ukaguzi wa zamani kama msako. Mwaka 2017 Wizara ya Elimu ilitoa kiunzi kipya cha uthibiti ubora wa shule. Kinatazama maeneo sita: mafanikio ya wanafunzi; ufundishaji, ujifunzaji na upimaji; namna mtaala unavyokidhi mahitaji ya wanafunzi; uongozi na usimamizi; mazingira ya shule na athari zake kwa ustawi, afya na usalama; na ushirikishwaji wa jamii.

Walimu wengi hujiandaa kwa ajili ya ufundishaji peke yake, na ndani ya ufundishaji hujiandaa kwa karatasi. Kwa hiyo mwalimu mkuu, tafuta nakala ya kiunzi, kisha kila kikao cha walimu msome eneo moja tu na kujiuliza: mtu akituuliza leo, tutamwonyesha nini? Msisome yote kwa mkupuo, yatawachosha na hamtabaki na kitu.

Sisi wa Bagamoyo tuna bahati ya kuwa na ADEM hapa hapa mjini, chuo kinachofundisha viongozi wa shule na wathibiti ubora wa nchi nzima. Ukikaa na watu wanaosomea kazi hiyo pale, unagundua kwamba ni walimu wenzetu waliotoka darasani, wenye chaki bado vidoleni. Waambie walimu wako hivyo, hasa wale wapya. Hofu hupungua mtu akijua anayekuja naye amewahi kufundisha watoto 80 katika chumba cha watoto 45.

Anzeni na daftari la mtoto

Mthibiti mzoefu hachukui muda kwenye faili. Anafungua azimio la kazi aone mada inayotakiwa kufundishwa wiki hii. Anatazama andalio la somo aone kama ndiyo iliyoandaliwa. Anapitia shajara ya somo aone kama imejazwa kuwa imefundishwa. Halafu anakwenda kukaa dawati la nyuma, kando ya mtoto, anaomba daftari. Tarehe nne zikilingana, anaendelea. Zikipishana, pale ndipo maswali yanapoanza.

Lakini hata zikilingana, kazi haijaisha. Nimekaa darasa la tatu nikimwona mthibiti mmoja, mama mtu mzima, akimwambia kijana wa dawati la nyuma, "Hebu nisomee hapa, baba." Daftari lilikuwa safi, mwandiko mzuri, vyema vyekundu mpaka chini. Mtoto akaweka kidole kwenye sentensi aliyoiandika mwenyewe asubuhi ile, akasema "m... m... mvu...", akanyamaza. Alikuwa amenakili ubaoni herufi kwa herufi, kama mtu anayechora. Yule mama hakumkemea mtoto wala mwalimu. Akafunga daftari taratibu, akamshukuru, akahamia dawati la pili. Pale alikuwa amekwisha pata habari ambayo faili zote za ofisini zisingempa.

Kwa hiyo fanyeni wenyewe kile alichokifanya yeye, tena kila wiki. Utaratibu wetu ni huu. Mwalimu wa taaluma anachukua madaftari matano ya darasa moja: la mtoto anayefanya vizuri, mawili ya wale wa kati, mawili ya wale wanaobaki nyuma. Anayechagua majina ni yeye kutoka kwenye rejesta, si mwalimu wa somo. Watoto wale watano wanasoma kwa sauti kitu walichokiandika juma hilo. Kisha mwalimu wa taaluma na mwalimu wa somo wanakaa robo saa, madaftari yakiwa wazi mezani, wanajibu maswali mawili: mtoto huyu anakosea wapi, na kesho tutamfanyia nini?

Swali la kwanza ndilo gumu. Chukua hesabu hii niliyoikuta kwenye daftari la darasa la nne: 402 − 157 = 355. Mwalimu alikuwa ameweka kosa jekundu na kuendelea. Ukitazama kwa utulivu unaona mtoto hakubahatisha. Nne toa moja, tatu. Kwenye makumi ameona sifuri na tano, akatoa ndogo kwenye kubwa, akapata tano. Kwenye mamoja ameona mbili na saba, akafanya vile vile, tano. Mtoto ana kanuni yake, anaifuata kwa uaminifu, na ataifuata mpaka darasa la saba kama hakuna atakayeigundua. Alama ya kosa haimwambii chochote. Kinachomsaidia ni kuketi na vifungu vya vijiti: mia nne, mamoja mawili, makumi hakuna. Avunje mia moja ipatikane makumi kumi, achukue kumi moja alivunje liwe mamoja, ndipo aondoe saba. Mwalimu aliyeandika pembeni ya daftari "unatoa ndogo kwenye kubwa, njoo na vijiti" amefanya kazi ya ubora kuliko aliyejaza kurasa mia za andalio.

Mkifanya hivi mwezi mzima, mtakuwa na orodha ya makosa halisi ya watoto wenu. Orodha hiyo ipelekeni kwenye jumuiya ya kujifunza ya walimu, zile za MEWAKA (mafunzo endelevu ya walimu kazini), muijadili badala ya kusoma moduli tu na kusaini mahudhurio. Na wathibiti wakija, iwekeni mezani. Shule inayojua udhaifu wake na kuonyesha inachoufanyia kazi huheshimiwa kuliko shule inayosema kila kitu kipo sawa.

Ile sehemu ya chini ya andalio la somo

Mtaala ulioboreshwa, ulioanza kutumika kwa awamu Januari 2024, umetuletea umahiri mkuu, umahiri mahususi na shughuli za kujifunza, na walimu wanahangaika sana kuzijaza safu hizo. Sawa, zijazwe. Lakini naomba nguvu ziende kwenye mistari miwili ya chini kabisa, tathmini na maoni. Pale ndipo utakuta muhula mzima umeandikwa "somo limeeleweka kwa wanafunzi wengi". Tena wapo wanaoandika hivyo nyumbani, kabla ya somo kufundishwa.

Andika baada ya kipindi, kwa kalamu, maneno machache yenye idadi. Mfano: "Waliohudhuria 62. Walioweza kutoa kwa kuchukua 38. Wengi wa waliobaki wanakwama kwenye sifuri katikati. Kesho dakika 10 za mwanzo vijiti, kundi la dirishani." Mthibiti akisoma hivyo kisha akafungua andalio la kesho yake na kukuta dakika kumi za vijiti, atajua anafundisha mwalimu wa kweli. Muhimu zaidi, wewe mwenyewe wiki ijayo utajua ulipoishia.

Rejesta na mwezi wa angani

Kwa shule za pwani hapa ndipo pana utajiri, na sijaona mwongozo unaolitaja. Rejesta zetu zinaonyesha utoro, nasi kwa mazoea tunaandika "wazazi hawana mwamko wa elimu". Maneno hayo ni mepesi mno, na wazazi wakiyasikia kikaoni wanaumia na kunyamaza.

Kaa na rejesta ya miezi mitatu na kalenda yenye miandamo ya mwezi. Mbalamwezi ikiwa kubwa, boti za dagaa hupumzika, na madarasa yanajaa. Giza likiingia taa zinawashwa baharini, na alfajiri pwani pana kazi ya kushusha, kuchemsha na kuanika. Siku hizo wavulana wa darasa la tano na la sita wanapungua, na wasichana wanafika saa tatu mikono ikinuka chumvi. Weka alama ndogo ya giza juu ya tarehe kwenye rejesta, utaona mwenyewe namna alama za wasiofika zinavyofuatana na mwezi.

Ukishaona hivyo, unajua pa kwenda. Nenda kwa BMU, kile kikundi cha wavuvi cha usimamizi wa bahari. Nenda kwa manahodha na kwa akina mama wanaokaanga na kuanika, ukiwa na rejesta mkononi. Usiende kufoka. Salimia, keti, onyesha. "Shikamoo mzee. Huyu ni mjukuu wako. Siku hizi hakuja, na ndizo tulizofundisha hesabu za sehemu." Sisi tulikubaliana kwamba katika siku za giza mtoto asiguse kazi ya pwani kabla ya shule, atakuja kuanua jioni, na shule ikakubali kuweka marudio ya masomo ya siku zile katika juma la mbalamwezi. Mahudhurio hayakunyooka yote, ila wanaokosa sasa tunawajua kwa majina, na bibi zao wanatuita njiani kutueleza kabla hatujauliza.

Eneo la sita la kiunzi, ushirikishwaji wa jamii, shule nyingi hulithibitisha kwa muhtasari wa kikao cha kamati ya shule. Rejesta yenye alama za giza pamoja na makubaliano yaliyosainiwa na BMU inasema zaidi. Ukiwa Yombo au Fukayosi, ambako watu ni wakulima na wafugaji, mwezi hautakusaidia. Tafuta majira yenu: palizi, mavuno, kuhamisha mifugo.

Hofu ya walimu ichukuliwe kwa uzito

Ukaguzi unaweza kumvunja mtu, na viongozi tusijifanye hatujui. Zamani, katika shule moja niliyofundisha, mkaguzi alimsahihisha mwalimu mbele ya darasa lake, akamnyang'anya chaki. Mwalimu yule alikuwa na uwezo mkubwa. Baada ya siku ile alifundisha kwa kusoma kitabu neno kwa neno mpaka alipohama, kwa sababu kitabu hakikosei.

Si kwetu tu. Uingereza, ambako shule hukaguliwa na chombo kiitwacho Ofsted, mwalimu mkuu Ruth Perry wa mji wa Reading alijitoa uhai Januari 2023 baada ya ukaguzi wa shule yake. Desemba mwaka huo uchunguzi wa kifo chake ulitamka kwamba ukaguzi ule ulichangia. Septemba 2024 serikali ya kule iliacha kuipa shule ya umma daraja la jumla la neno moja. Nayataja haya kwa sababu wapo wanaodhani hofu ya mwalimu ni dalili ya uvivu. Hofu humfanya mwalimu afiche, na anayeficha hawezi kusaidiwa.

Mwalimu mkuu, hofu unaipunguza kwa vitendo. Siku barua inapofika, isome kikaoni yote, usiwape vipande. Piga marufuku kuandika maandalio ya nyuma: kama mtu hakuandaa juma lililopita, aseme hakuandaa, na aanze leo. Walimu watembeleane madarasani mara kwa mara, wawili wawili wanaoaminiana, ili kuonwa na mtu mzima wakati wa kufundisha kuwe jambo la kawaida. Na wewe mwenyewe fundisha kipindi mbele ya walimu wako, uwaombe wakukosoe. Nimeona hilo likilegeza mabega ya watu kuliko hotuba yoyote.

Kuna mambo mawili siyakubali kabisa. La kwanza, kufundisha watoto somo mara mbili ili siku ya tathmini waonekane wanajua majibu. La pili ni baya zaidi: kuwaambia watoto wasiojua kusoma wabaki nyumbani siku hizo. Hiyo ni sawa na mgonjwa kumeza dawa ya kushusha homa kabla ya kupimwa ili kipimo kisome vizuri. Watoto wale ndio wenye haki ya kwanza na ugeni huo. Tena wanajua kwa nini wameambiwa wasije.

Siku yenyewe

Hapa sina mengi. Ratiba iendelee kama kawaida, kengele igongwe kwa saa yake. Watoto wasalimie kama wanavyosalimia wageni wote. Chai ya wageni iwe chai, msiwachangishe walimu kwa ajili ya pilau.

Mwalimu, baada ya kipindi chako omba mrejesho wa ana kwa ana, nje ya masikio ya watoto, na uwe na daftari. Uliza kwa heshima: "Mwalimu, umemwona mtoto gani ambaye sikumfikia? Ilikuwa dakika gani ya somo? Ungekuwa wewe, ungebadili kitu gani kimoja wiki hii?" Maswali ya namna hiyo humtoa mthibiti kwenye maneno ya jumla kama "ongeza ushirikishwaji" na kumleta kwenye dawati la tatu safu ya kulia. Akikuambia jambo ambalo huamini ni kweli, usibishane. Mwonyeshe daftari, au orodha ya makosa, au rejesta. Wengi hubadili walichoandika wakiona ushahidi.

Ripoti ikishafika

Ripoti huwa na mapendekezo mengi. Msijaribu yote. Wiki ile ile ilipofika kaeni, kila mwalimu awe na nakala au isomwe kwa sauti, kisha mchague mapendekezo matatu yanayomgusa mtoto moja kwa moja. Kila moja liandikwe upya kwa lugha ya kazi. "Shule iimarishe stadi ya kusoma" halifanyiki, kwa sababu halina mwenyewe. Liandikeni hivi: watoto 19 wa darasa la tatu wasiosoma silabi, majina yameambatanishwa, watakaa na mwalimu fulani dakika 30 kila siku kabla ya uji, Ijumaa ya mwisho wa mwezi mwalimu wa taaluma atamsikiliza kila mmoja akisoma. Hapo pana jina, muda na kipimo. Bandikeni ukutani ofisini, na mliingize kwenye mpango wa maendeleo wa shule ili liwe na fungu lake, hata kama ni la chaki na kadi za silabi tu.

Wazazi nao waambiwe. Msiwasomee ripoti, wataondoka na maneno makubwa. Simama kikaoni useme: watoto hawa wamekutwa hawajui kusoma, tunafanya hivi, tunaomba jioni mtoto akusomee ukurasa mmoja hata kama wewe mzazi husomi, msikilize tu. Akina mama wetu wengi hawakusoma, lakini hakuna aliyeshindwa kumsikiliza mwanawe. Mmoja aliniambia anajua mtoto amekwama akiona midomo inacheza bila sauti.

Mapendekezo yaliyo nje ya uwezo wenu

Sehemu ya mwisho ya ripoti huwa ni majengo, madawati, matundu ya vyoo na upungufu wa walimu. Haya hukatisha tamaa, kwa sababu hurudi yale yale kila ripoti. Eleweni kinachosababisha: wathibiti wako chini ya Wizara ya Elimu, na shule zetu ziko chini ya TAMISEMI, ofisi ya tawala za mikoa na serikali za mitaa, kupitia halmashauri. Mthibiti akiandika kwamba mnahitaji walimu, maneno yake hayamhamishi mwalimu hata mmoja. Lazima mtu wa shuleni ayafuatilie kwenye mlango mwingine.

Yatoeni mambo hayo kwenye mpango wa walimu, yasije yakawa kisingizio cha kutofanya lile la silabi. Kamati ya shule iyaandikie barua ya peke yake kwa mkurugenzi, ikipitia kwa Afisa Elimu Kata. Tumieni hesabu za viwango, msitumie malalamiko. Kwa mfano, kiwango ni tundu moja la choo kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25. Andikeni mna wasichana wangapi, matundu yanayofanya kazi ni mangapi, yanapungua mangapi. Mkitaja eneo ambalo kijiji au mtaa umekubali kuchangia mchanga na nguvu kazi, barua hupata uzito zaidi. Nakala mpelekeeni diwani.

Hakikisheni barua imegongwa muhuri wa kupokelewa, na nakala yenye muhuri irudi kwenye faili lake. Baada ya mwezi mmoja andikeni ya kukumbushia, mkitaja namba ya kumbukumbu ya ile ya kwanza. Wathibiti watakaporudi kwa ufuatiliaji, wekeni faili hilo mezani pamoja na orodha ya watoto wa darasa la tatu, waliosoma na ambao bado.